Sare za Vifungo vya Mbele

Sparkbrook, Birmingham
Jumapili asubuhi

Dada Rehema,

Hali sikuulizi, maana huko uliko hakuna baridi wala bili ya gesi. Hali yangu mimi ndiyo hii: nina hasira. Na kwa kuwa wewe ndiye uliyenifundisha kukasirika nikiwa na sababu, nimeona nikuandikie wewe na si mwingine.

Jana tumekusomea hitma, mwaka umetimia. Ukumbi ni ule ule wa Lozells tunaoazimwa, viti vya plastiki na kile kipasha joto kinachonguruma kama kina pumu. Pilau nilipika mimi. Watu walijaa, Watanga wenzetu, Wakenya, hata Wakongo wa Mama Furaha ambao ni Wakristo lakini walikaa mpaka dua ya mwisho. Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri. Halafu wakaanza kukuzungumzia.

Kha! Dada, wamekufanya mpole. Mmoja kasimama, marehemu alikuwa mtu wa watu, hakuwahi kugombana na mtu. Mwingine naye eti hajapata kuisikia sauti yako ikipanda. Mwenyekiti wa chama chetu cha kusaidiana, Bwana Msuya, akafuta miwani, akasema marehemu alikuwa mama mnyenyekevu aliyependa amani kuliko kitu chochote. Nilikuwa nimeshika upawa, wallahi nusura uniponyoke. Wewe? Wewe uliyemfokea dereva wa basi pale Stratford Road kwa Kiswahili mpaka akamfungulia mlango bibi wa watu, na Kiswahili chenyewe dereva hakijui? Wewe ambaye mama alikuwa akisema huyu mtoto kazaliwa na kesi mkononi?

Nikanyamaza kwa heshima ya dua. Lakini najua wanachokifanya. Mtu mkali akishakufa, ukimfanya mpole unaweza kumtumia utakavyo, hana mdomo wa kukukatalia. Na hawa wana wanachokitaka kwako. Wanataka jina lako na picha yako vikae kwenye geti jipya la shule yako kule Sierra Leone, shule ile ile ambayo mwaka huu wasichana wako walifungiwa nje. Wamesahau kwamba umeacha mdogo wako.

Ngoja nianze mwanzo. Mengine unayajua kuliko mimi, lakini nataka kuyasema, maana jana hakuna aliyeyasema.

Uliposema unaondoka hapa Sparkbrook kumfuata shemeji Sorie kwao, vita vyao vimekwisha juzi juzi tu, tulikuona umerukwa na akili. Ulikuwa na kazi yako nzuri, msaidizi wa darasani, watoto wanakuganda. Shemeji mwenyewe alitaka kwenda kuwaona wazazi na kurudi. Wewe ukaenda ukaiona shule ya kijijini kwao, haina mwalimu mkuu, ukasema hurudi, unaishika wewe. Mimi nikalia pale uwanja wa ndege, wewe ukanikaripia kwamba nawaharibia watu safari.

Tangu hapo Jumamosi zangu zikawa za kadi ya simu. Nakwangua namba kwa ukucha, napiga, inakata, napiga tena, na yule mwanamke wa kwenye kadi akiingilia kutuambia dakika zilizobaki, wewe unamjibu, "Nyamaza mama, tunaongea." Nilicheka mpaka machozi. Siku hizi kadi sinunui sana, na yule mwanamke wa watu nimemkumbuka.

Katika simu hizo ndimo nilimoijua shule yako. Bati la upande mmoja lilikuwa limebebwa wakati wa vita, mvua ikinyesha madarasa mawili yanahamia kwa wenzao. Watoto wanakuja na vigoda vyao kichwani, asiye nacho anakalia tofali. Kitabu cha kusoma kimoja, kinapita benchi kwa benchi, na kikifika benchi la mwisho kengele imeshalia. Wa asubuhi wanasoma wamebanana, wa mchana wanasoma wanasinzia kwa joto. Na darasa la sita lina vijana wenye ndevu na wasichana wenye umri wa kuolewa, kwa sababu vita viliwala miaka yao yote ya shule na sasa wameanza upya pamoja na wadogo zao.

Na walimu! Nilidhani utawasema vibaya walimu, maana najua ulimi wako. Uliniambia wengi hawamo kabisa katika orodha ya mishahara ya serikali, wanafundisha kwa kuahidiwa tu. Na waliomo wanangoja miezi. Basi mwalimu Jumatatu yuko darasani, Jumanne yuko kwenye shamba lake la mihogo, na Jumatano wanafunzi wote wako shambani kwake wanapalilia, na wakiulizwa, hicho ni kipindi cha kilimo. Nikasema hao ni wezi. Ukanijia juu: "Mtu hajalipwa tangu mvua zilizopita, ulitaka ale chaki?" Ukaenda mjini, ofisi ya elimu, ukakaa kwenye benchi lao mpaka walipofunga. Kesho yake ukarudi na walimu wenyewe, na darasa zima la sita nyuma yenu, wakakaa kwenye ngazi wakasoma jedwali la kuzidisha kwa sauti. Walimu wawili wakaingizwa kwenye orodha. Uliniambia wawili si haba. Ndiye huyo wanayesema sauti yake haikupanda.

Halafu akaja Isatu. Ulinisimulia kwamba kila asubuhi kulikuwa na msichana anakaa nje chini ya dirisha la darasa la sita, mtoto mgongoni, na kila ukiuliza swali darasani jibu linatokea nje. Ukadhani ni mtu anakuchezea. Ukatoka, ukakuta hesabu zako zote za ubaoni amezifanya kwa kijiti kwenye mchanga, na zote sahihi. Alifukuzwa alipopata mimba, kama walivyofukuzwa wenzake wote. Aliyempa mimba alikuwa ndani, kakaa benchi la mbele.

Ukamwambia aingie. Wazee wa kamati ya kijiji wakaja juu, eti atawaambukiza wenzake. Ukawauliza, "Kwani mimba ni surua?" Wakasema mtoto atalia, nani atafundisha. Ulichowajibu nilikufanya unirudie mara mbili, na dakika zilikuwa zinakwisha. "Mtoto akilia tutasubiri. Mwalimu akikohoa tunasubiri, mvua ikipiga bati tunasubiri, mshahara tunausubiri mwaka mzima. Kumsubiri mtoto anyonye ndiyo tumeshindwa?"

Habari zikazagaa. Wasichana waliokuwa wamefichwa majumbani wakaanza kuja, mmoja na shangazi yake, mwingine peke yake, mwingine na mama mkwe aliyesema yeye mwenyewe alitaka kusoma akakatazwa. Benchi la nyuma likawa lao. Uliniambia harufu ya darasa lako sasa ni chaki na maziwa, na ukasema hivyo kwa maringo kama umejenga chuo kikuu.

Halafu ukafa. Homa, siku chache, basi. Shemeji alinipigia wakati mimi niko kazini, jikoni kwa watoto wa shule, nimevaa kofia ya karatasi na nagawa viazi. Meneja akaniambia nikae chini. Sikukaa. Nilimaliza kugawa viazi kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Kufikia jioni walikuwa wameshakuzika. Sikukuona, dada. Sikukuosha. Dada wa tumbo moja, nimeambiwa kaburi lako liko wapi kwa njia ya simu, upande wa kushoto ukitoka msikitini. Hilo linaniuma leo kama siku ile, na wasiniambie litapoa.

Chama hapa wakasema lazima wafanye kitu kwa ajili yako. Hilo nawashukuru, nia ilikuwa njema. Wakaamua kuwapelekea watoto wako sare, shule nzima, maana shemeji alisema wengi wanakuja na matambara. Kamati ya chama ikaingia mjini, ikanunua blauzi na mashati meupe, sketi za bluu za marinda na kaptula, nzuri kwelikweli, zimekunjwa na karatasi zake. Wakajaza mapipa ya plastiki, wakapiga picha nayo, yakaenda.

Sasa sikiliza walichofanya. Wote hawa ni wazazi wa hapa. Hapa sare inanunuliwa kwa umri, umeandikwa kwenye kola, na darasa na umri ni kitu kimoja, hakuna anayejiuliza. Wakahesabu: darasa la kwanza miaka kadhaa, la pili kadhaa, mpaka darasa la sita, wakanunua nguo za watoto wa miaka kumi na mmoja. Darasa la sita! Wenye ndevu! Hakuna hata mmoja aliyekumbuka, na mimi sikuulizwa, siku ya kununua nilikuwa kazini. Mapipa yalipofunguliwa, wadogo wakapendeza kama maua. Wakubwa wakabaki wameshika blauzi na mashati mkononi kama vitambaa vya jasho.

Ingekuwa ni hilo tu, tungecheka. Lakini kamati ya kijiji ilikuwa imeshaweka mwalimu mkuu mpya mahali pako, mtu wa safu ya mbele msikitini, mwenye kalamu tatu mfukoni. Huyu benchi la nyuma lilikuwa linamkera tangu alipofika, alikosa sababu tu. Sasa Birmingham ikampelekea sababu ndani ya pipa. Akatangaza kwamba shule sasa ina sare, na asiye na sare haingii. Wale wavulana wakubwa akawavumilia, wavae tu shati lolote jeupe. Wasichana wenye watoto wakakuta geti la miti limefungwa, na yeye kasimama mbele yake na fimbo. Shemeji alinipigia, nikamwuliza yeye alifanya nini. Akasema, "Shemeji, nimechoka." Alikuwa anakulilia, sikumlaumu sana. Kidogo tu.

Nikapanda basi mpaka mjini, nikabadilisha la Lozells, nikaingia kwenye mkutano wa chama bila hodi. Nilidhani nikiwaeleza tu watashika vichwa vyao. Wengine walishika. Bwana Msuya akasema taratibu, tusiingilie mila za watu. Akasema wasichana wale huenda ni heri wafundishwe ushonaji. Akasema mwalimu mkuu ameandika barua ya shukrani, anaomba tu kujengewa geti la chuma, na kwamba geti hilo litaitwa kwa jina la marehemu, na picha yake itachorwa juu. Wanachama wakapiga makofi. Makofi, dada! Geti!

Nikasimama. Unajua mimi si wewe. Nikamwuliza, Bwana Msuya, binti yako hapa Birmingham akija na mimba kesho, mwalimu wake atamsimamia getini na fimbo? Akasema nichunge adabu yangu. Nikasema adabu ninayo, nimekuja nayo kutoka Tanga, ndiyo maana nauliza nikiwa nimesimama. Nauli ya basi nimejilipia mwenyewe kuja kuuliza, kwa hiyo nijibu. Akaanza kufuta miwani. Mtu mmoja huko nyuma akasema, "Marehemu asingependa tugombane." Nikacheka kwa sauti, nikashindwa kujizuia. Marehemu alikuwa akigombana na mwanamke wa kwenye kadi ya simu.

Hapo nikawapa makavu. Jina na picha vinataka idhini ya familia, na shemeji alikuwa ameshawaambia kwamba kwa hilo aamue mdogo wa marehemu. Nikasema basi nimeamua. Picha waliyoitaka ilikuwa ile ya harusi, umeinamisha macho chini ya mtandio, na mimi ndiye ninayo. Nikasema picha haitoki, na jina la dada yangu haliandikwi kwenye geti linalowafungia nje watoto aliowaingiza yeye. Piga ua, haliandikwi. Nikachukua mkoba wangu.

Kituoni nikasikia naitwa. Mama Furaha kanifuata mbio bila koti. "Mwanaidi, ile nguo ya mutoto mudogo, mama mwenye ananyonyesha ataiingiza wapi?" Nikamwambia ndilo hilo nilisemalo. Akasema, "Basi tushone yetu. Mimi niko na mashine. Bapende, basipende." Nikamkumbatia pale pale kwenye baridi, basi likatupita.

Tukashona nini? Hapo ndipo nilipokukumbuka sana. Uliwahi kuniambia wasichana wale wakinyonyesha darasani wanalazimika kupandisha blauzi yote mpaka shingoni, wavulana wanakodoa macho, na wenyewe wanaona haya wanatoka nje, somo linawapita. Nikasema basi gauni, bluu ile ile ya shule wasipate la kusema, kola nyeupe, mkanda, na vifungo mbele kutoka shingoni mpaka kiunoni. Anafungua viwili vitatu, mtoto ananyonya, mama anaandika. Mama Furaha akasema huko kwao Uvira angekuwa tajiri na wazo hilo.

Kasheshe ikawa vipimo. Tungekisia tungerudia ujinga wa kamati. Nikampigia Isatu, tukaelewana kwa Kiingereza changu kilichovunjika na chake. Akakata uzi kwa kila msichana: fundo la kwanza mabega, la pili kifua, la tatu kiuno, na mwisho wa uzi ndio urefu wa gauni. Kila uzi kaufunga na kikaratasi cha jina. Akampa mfanyabiashara mmoja wa kwao anayeishi hapa hapa Birmingham, Perry Barr, Alhaji wa mapipa tunamwita, akaja nazo mfukoni. Salma wangu alizining'iniza zote kwenye fimbo ya pazia sebuleni. Ulimwacha mdogo, sasa amenipita kimo. Kiswahili anakisikia chote, kujibu ni Kiingereza tu. Akasimama pembeni ya uzi mmoja, ukamfika kiunoni na kifuani sawasawa, akaniuliza huyu ana umri gani. Nikamwambia umri wako. Akaenda kuchemsha chai, halafu akarudi akajifunza kushona vifungo. Vifungo vyote vya magauni yale ni mkono wa Salma, kaka zako wa Tanga wasikudanganye kwamba mtoto wa Ulaya hajui sindano.

Kitambaa nilichukua kwa yule Mpakistani wa Ladypool Road, aliposikia ni cha nini akaongeza kipande bila kuulizwa. Chama wakakataa kuyaweka magauni katika mapipa yao. Bwana Msuya akasema hayo si sare rasmi. Rasmi! Nani aliyerasimisha zile za kuvaa mkononi? Alhaji akayabeba.

Yalipofika, shemeji Sorie alinishangaza. Mtu aliyekuwa amechoka aliamka asubuhi, akanyoa ndevu, akavaa kanzu aliyovaa siku ya harusi yenu, akatangulia mbele ya wasichana wale mpaka getini. Wote bluu, wote kola nyeupe, watoto migongoni. Mwalimu mkuu akawatazama juu mpaka chini, akakosa pa kushika. Akasema haya, sare wanazo, waingie. Lakini watoto hapana. Kanuni za shule haziruhusu watoto wachanga kuwa darasani.

Shemeji anasema yeye alidhani mambo yamekwisha. Isatu akasema, "Ndiyo, mwalimu." Akapita. Wote wakapita. Wakaenda moja kwa moja ofisini kwake, wakatandika mkeka, wakawalaza watoto wao mmoja mmoja kwa adabu zote, wakafunga mlango polepole, wakaenda darasani. Kwani si alisema darasani hawaruhusiwi? Ofisi hakuitaja!

Dada, laiti ungeusikia uso wa shemeji kwenye simu. Ndiyo, uso, niliusikia. Alikuwa hajacheka tangu akuzike. Anasema mwalimu mkuu alivumilia kwanza, akajifanya anaandika. Mmoja akaanza kulia, wa pili akamuunga mkono, wa tatu akalowesha daftari la mahudhurio. Kabla ya mapumziko alitoka kabeba wawili, mmoja kila mkono, kalamu zake tatu moja iko mdomoni mwa mtoto, akasimama mlangoni mwa darasa la sita akasema wachukueni. Tangu siku hiyo wanakaa darasani na mama zao. Hakuna tangazo lililotolewa, mtindo wake ni kujikausha. Lakini wamo, na watafanya mtihani wa kumaliza darasa la sita pamoja na wengine.

Ndiyo maana jana kwenye hitma, walipokuwa wakikuremba kwa maneno, nilikaa na upawa wangu nikijua ninachokijua. Baada ya kula Bwana Msuya akanivuta pembeni. Sasa wasichana wanaingia, akasema, basi ugomvi umekwisha, nitoe picha. Nikamwambia wanaingia kwa kuvumiliwa, na anayevumiliwa leo kesho anatolewa. Liandikwe kwanza katika kanuni za shule, kwamba mwenye mtoto anasoma kama mwingine, kamati yote ya kijiji itie sahihi, ndipo tuzungumze habari ya geti. Akaniambia nimekuwa mkaidi kama dada yangu. Nikamwuliza, yupi? Yule mnyenyekevu mliyemsema sasa hivi? Akarudi kwenye kiti chake.

Wapo walioondoka bila kuniaga. Chama huenda wakanitoa, na watakuwa na haki yao. Nilirudi nyumbani na masufuria yangu nikalia, nisikudanganye. Kuwa mkali bila wewe kunanichosha... hapana, sijui nisemeje. Zamani nilikuwa nasimama nyuma yako. Sasa nikigeuka nyuma yangu simwoni mtu, naona Salma.

Sasa nikwambie la leo, ndilo lililonikalisha kuandika. Asubuhi hii Alhaji kapita hapa, karudi safari usiku, kaniachia furushi jingine la nyuzi kutoka kwa Isatu. Wengine tena wamejitokeza, na wengine wanatoka vijiji vya jirani. Nikazitandaza mezani. Zote zina vikaratasi vya mwandiko wa Isatu, ule mdogo ulionyooka. Isipokuwa mmoja. Huo umefungwa ndani ya karatasi ya daftari, mwandiko mkubwa wa kizamani, wa mtu mzima. "Fatmata." Na mafundo yake yamekaa ovyo, bega liko karibu na kiuno, kifua hakipo kabisa. Aliyepima hajawahi kumpima mwanamke nguo maishani mwake.

Nikampigia Isatu, huyu ni nani? Akashusha sauti. Ni binti wa mwalimu mkuu. Watu walikuwa wameambiwa yuko Freetown kwa shangazi yake anasoma. Hakuwa anasoma. Amerudi, ana mtoto wa kike. Na uzi ameuleta baba mtu mwenyewe, kaja nyumbani kwa kina Isatu jioni kwa mlango wa uani, kautoa mfukoni, akauliza tu kama nguo itawahi muhula ujao. Hata kiti hakutaka.

Nimekaa na uzi huu tangu nilipokata simu. Kwanza nilifurahi kwa ubaya, Mungu anisamehe. Nilitaka kumrudishia, nimwambie hazipo, rasmi zimekwisha. Nikamwona amesimama getini na fimbo, na binti yake kamfungia nyumba ya mtu mjini. Halafu nikamwona akipima bega la mtoto wake kwa uzi, hajui aanzie wapi, na ameona aibu kumwomba mtu amsaidie. Nimelia tena. Kwa baba mtu sina maneno matamu na sijamsamehe, na kiangazi kikifika nitakuja huko na Salma, atayasikia ana kwa ana kabla sijakaa. Lakini huyu msichana hakumfungia mtu geti. Nimemwambia Isatu ampime upya leo leo, anisomee vipimo kwa simu.

Basi kwaheri, dada yangu. Mungu akulaze pema, mimi nimeitikia amina zote za jana, na hii ni yangu peke yangu. Nikija nitapita upande wa kushoto ukitoka msikitini, nitakaa sana. Nakuahidi hakuna msichana wa benchi lile atakayebaki nje kwa kukosa nguo, maadamu nina macho ya kutunga uzi kwenye sindano. Mama Furaha anakuja saa nane na mashine yake. Kitambaa nimeshakitandaza, na gauni la kwanza kukatwa ni la Fatmata.

Mdogo wako,
Mwanaidi